Nahodha wa South Amboy: Mhadhara juu ya Uraia wa Marekani na Waliouasisi



Muhula uliopita alisimama katika ukumbi huu mwanazuoni mmoja mgeni, ambaye elimu yake siitilii shaka na ambaye jina lake nalisitiri kwa kuwa hayupo mbele yetu kujitetea, akatufundisha kwamba uraia wa Marekani ni hidaya: kwamba dola ya Wamarekani, ilipokwisha kushinda vita vyake vya wenyewe kwa wenyewe, iliwatunukia uraia watumwa waliokombolewa, kwa rehema na kwa dharura ya wakati ule, kwamba watoto wa wageni waliingia katika neema hiyo baadaye kwa kosa la mahakama, hali hawakukusudiwa, na kwamba, maadamu mtoaji ni dola, dola hiyo hiyo yaweza kuipunguza hidaya yake au kuirudisha mkononi itakapo. Ukumbi ulimpigia makofi. Mimi niliondoka nikiwa na dhiki moyoni, si kwa sababu rai ile ni ngeni, kwani husemwa kila leo huko Marekani kwenyewe, bali kwa sababu niliona vijana wetu wakiiandika katika madaftari yao kana kwamba ni jambo lililokwisha thibiti.

Adabu ya mhadhara wa umma ingenitaka nianze na Katiba ya mwaka 1787 na kushuka nayo hatua kwa hatua hadi zama zetu. Mtaniwia radhi nikiyapita mbio yale ambayo kila mwanafunzi wa mwaka wa pili ameyasoma: kwamba Katiba ile ilimtaja raia mara kadhaa bila kumfasili, kwamba sheria ya tajnisi ya mwaka 1790 iliwafungulia mlango wageni weupe walio huru, na hao tu, kwamba katika kesi ya Dred Scott ya mwaka 1857 Jaji Mkuu Roger Taney alitamka kuwa mtu mweusi, awe mtumwa au huru, hakuwa raia wa Marekani wala hawezi kuwa, na kwamba Marekebisho ya Kumi na Nne ya Katiba, yaliyoidhinishwa mwezi Julai mwaka 1868, yaliifuta hukumu hiyo kwa kusema kuwa kila aliyezaliwa au kutajinisiwa Marekani, naye yu chini ya mamlaka yake, ni raia wa Marekani na wa jimbo analokaa. Hayo hayana mgogoro. Mgogoro uko katika swali la nani aliyaleta maneno hayo, na yalikuwa yakimkusudia nani.

Naanza na dai la pili, la kwamba watoto wa wageni waliingia kwa makosa. Mwaka 1844, yaani miaka 24 kabla ya Marekebisho yale, mahakama ya New York iliamua kesi ya urithi iitwayo Lynch na Clarke. Julia Lynch alikuwa amezaliwa mjini New York kwa wazazi wa Ireland waliokuwa huko kwa muda tu, wakarudi naye kwao angali mtoto mchanga, akakulia Ireland. Wapinzani wake walidai kuwa ni mgeni, hivyo hawezi kurithi ardhi. Makamu Chansela Lewis Sandford aliichambua sheria ya kale ya Waingereza iliyorithiwa na makoloni, akaamua kwamba mtoto huyo, kwa kuzaliwa tu katika ardhi ya Marekani, alikuwa raia wake. Basi ni kosa gani la mahakama lililofanywa baadaye, ikiwa kanuni yenyewe ilikuwa imekwisha tamkwa wakati Taney hajaandika hukumu yake, na wakati mamilioni ya watumwa wangali katika minyororo? Mwanazuoni wetu hakuitaja kesi hii hata kwa ishara.

Tena, twende katika Seneti yenyewe, mwezi Mei mwaka 1866, siku Seneta Jacob Howard wa Michigan alipoleta ibara ya uraia. Wenye rai ninayoipinga hupenda kumnukuu Howard, kwa sababu alisema kuwa ibara hiyo haiwahusu wageni walio wa jamaa za mabalozi. Wao huikata sentensi yake pale panapowafaa, wakadai kuwa aliwatoa wageni wote. Lakini mjadala haukuishia kwa Howard. Seneta Edgar Cowan wa Pennsylvania alisimama kuipinga ibara, na sababu ya kuipinga ilikuwa wazi kabisa: alihofu kwamba ingewafanya raia watoto wa Wachina wa California na watoto wa Wajipsi wa jimboni kwake. Akasimama kumjibu Seneta John Conness wa California, ambaye mwenyewe alizaliwa Ireland. Lau ibara ile haikuwagusa watoto wa wageni, Conness angekuwa na jawabu jepesi mno, la kumwambia Cowan atulie kwa kuwa hofu yake haina msingi. Hakusema hivyo. Alikiri kwamba watoto wa Wachina waliozaliwa California watakuwa raia, akasema kuwa yeye yu radhi nalo, na ibara ikapita. Mpinzani na mtetezi waliifahamu kwa maana moja, wakatofautiana katika kuipenda tu. Nami sijui ushahidi ulio bora zaidi ya huo katika elimu ya kufasiri sheria.

Hubaki hoja yao ya mwisho, ambayo ndiyo wanayoitegemea sana siku hizi: kwamba watunga Marekebisho hawakuweza kuwafikiria watoto wa watu walioingia nchini kinyume cha sheria, kwa kuwa zama zile hapakuwa na uingiaji haramu. Ajabu ya hoja hii ni kuwa inatolewa na watu wanaozungumza juu ya watumwa. Biashara ya kuingiza watumwa kutoka nje ilipigwa marufuku Marekani tangu tarehe 1 Januari 1808, na hata hivyo majahazi ya magendo hayakukoma. Mwaka 1860 merikebu iitwayo Clotilda iliwashusha kwa siri karibu na Mobile, Alabama, Waafrika 110 hivi waliotolewa Dahomey. Kuingia kwao kulikuwa haramu kwa kila sheria ya nchi, ingawa haramu hiyo ilikuwa juu ya waliowateka wala si juu yao. Watu hao walipokombolewa walijenga kijiji chao, Africatown, wakaoa na kuzaa, na hakuna mtu aliyesimama kusema kuwa watoto wao si raia kwa sababu wazazi wao waliingia bila idhini ya forodha. Ikiwa Marekebisho yalikusudiwa kwa ajili ya weusi peke yao, kama anavyodai mwanazuoni wetu, basi yaliwakusudia na hawa. Na yakiwa yaliwakusudia hawa, hoja ya uingiaji haramu imeanguka kwa mikono ya wenyewe walioisimamisha.

Kesi ya Wong Kim Ark ya mwaka 1898 naitaja kwa ufupi, kwa kuwa ni mashuhuri. Alizaliwa San Francisco mwaka 1873, alikuwa mpishi, akaenda kuwatembelea wazee wake China, na aliporejea mwaka 1895 mkuu wa forodha alimzuia asishuke, akawekwa katika meli bandarini, akihamishwa kutoka meli moja hadi nyingine, miezi kadhaa. Mahakama ya Juu, kwa kalamu ya Jaji Horace Gray, iliamua kwa kura 6 dhidi ya 2 kuwa ni raia. Watu wengi huishia hapo. Mimi huwataka wanafunzi wangu waangalie fomu ambazo Idara ya Uhamiaji ilizichapa baadaye kwa ajili ya Wamarekani wa nasaba ya Kichina waliotaka kusafiri, ambamo anwani yenyewe ilimwita mwombaji raia wa kudaiwa. Na Wong Kim Ark, aliyeshinda katika mahakama iliyo juu ya mahakama zote, alilazimika kuzijaza kila alipotaka kuvuka bahari. Hukumu ilisema ni raia, na mezani pa karani uraia wake uliendelea kuwa dai.

Hapa ndipo niliposimama mimi. Miaka yote niliyofundisha somo hili nimekuwa na yakini moja, ambayo wenzangu wameijadili, wengine kwa ukali, nami nimeipima tena na tena bila ya kuiacha: kwamba uraia wa Marekani haukuanzia katika Katiba, wala katika mahakama, wala katika Bunge. Ulianzia bandarini. Ulitendwa kwanza na watu waliokuwa hawana hadhi, nao wakautenda kwa muda mrefu na kwa ukaidi kiasi cha kuilazimisha dola iandike kile walichokwisha kukifanya.

Ushahidi wangu mkubwa ni waraka mmoja ambao, kwa maoni yangu, unastahili kusomwa katika kila chuo kinachofundisha historia ya Marekani, na ambao hausomwi. Mwaka 1862, vita vikiwa vimepamba moto, jahazi la milingoti liitwalo Elizabeth and Margaret, la New Brunswick, lilikamatwa na chombo cha forodha kiitwacho Tiger katika bandari ya South Amboy, New Jersey. Halikuwa na magendo. Kosa lake lilikuwa moja: nahodha wake alikuwa mtu mweusi, na sheria ya biashara ya mwambao ilitaka nahodha awe raia wa Marekani. Waziri wa Fedha, Salmon Chase, ambaye forodha zilikuwa chini yake, alimwandikia Mwanasheria Mkuu Edward Bates kumtaka fatwa: je, watu weusi ni raia wa Marekani, hata wastahili kuongoza vyombo vya Marekani? Na katika barua hiyo Chase alitia maneno ambayo wasomaji huyapita bila kuyatazama, nami kila niyasomapo huyasoma polepole. Alisema kwamba manahodha weusi katika biashara ya mwambao ni wengi.

Yazingatieni maneno hayo. Miaka mitano baada ya Taney kutamka kuwa mtu mweusi hawezi kuwa raia, Waziri wa Fedha wa dola hiyo hiyo anaeleza, kama jambo la kawaida la kiofisi, kuwa manahodha weusi, ambao kwa sheria hawawezi kuwa manahodha pasipo kuwa raia, wamejaa katika mwambao wake. Walikuwa wakipakia makaa na matofali na kuni, wakitweka na kutua tanga, wakitia saini katika madaftari ya forodha, na makarani wakipokea ushuru wao. Hukumu ya Mahakama ya Juu ilikuwa imepita juu ya vichwa vyao, nao wakaendelea na safari.

Bates alijibu tarehe 29 Novemba 1862. Mjue kwanza ni mtu wa namna gani. Alizaliwa Virginia, akaishi Missouri, alipata kumiliki watumwa, na alikuwa miongoni mwa walioona kuwa watu weusi wakikombolewa ni heri wahamishiwe nchi nyingine. Mtu wa namna hii hawezi kutuhumiwa kuwa aliandika kwa mapenzi. Naye akaanza kwa kukiri jambo zito: kwamba amepekua vitabu vya sheria na kumbukumbu za mahakama akitafuta maana iliyo bayana ya raia wa Marekani, asiipate, na kwamba taifa limeishi na uraia huo kwa miaka 80 bila kujua ni kitu gani. Kisha akaijenga hoja yake jiwe juu ya jiwe. Katiba inamtaka Rais awe raia wa kuzaliwa. Basi Katiba inatambua kwamba uraia hupatikana kwa kuzaliwa, nayo haikuumba hali hiyo bali iliikuta. Kupiga kura si kiini cha uraia, kwa kuwa wanawake na watoto ni raia nao hawapigi kura. Unyonge wa mtu hauondoi uraia wake, wala rangi yake, kwani Katiba haikusema neno juu ya rangi. Uraia, akasema, ni fungamano la pande mbili, utii upande mmoja na himaya upande wa pili. Hukumu ya Dred Scott aliifunga ndani ya mipaka ya kesi yenyewe, asikubali itawale nje yake. Na mwisho akatoa fatwa: mtu huru mweusi aliyezaliwa Marekani ni raia wa Marekani, na akitimiza masharti mengine yu halali kuwa nahodha.

Fatwa hii ilitangulia Marekebisho ya Kumi na Nne kwa miaka karibu sita. Iliandikwa kabla ya tangazo la Rais Lincoln la kuwakomboa watumwa kuanza kutumika tarehe 1 Januari 1863. Haikuwa hidaya kwa watumwa, kwa kuwa haikuwahusu watumwa hata kidogo. Ilimhusu nahodha mmoja, ambaye barua ya Waziri haikujishughulisha kulitaja jina lake, aliyekuwa akifanya kazi ya raia tangu kabla dola haijajua raia ni nani. Mtu huyu ndiye ninayemhesabu kuwa mwasisi, na ndiye niliyeupa mhadhara huu anwani yake.

Wala hakuwa wa kwanza. Paul Cuffe wa Massachusetts, ambaye baba yake alitekwa Afrika Magharibi na mama yake alikuwa wa kabila la Wampanoag, alipeleka malalamiko yeye na wenzake mwaka 1780, wakisema kuwa wanatozwa kodi na hali hawana kura. Baadaye akawa mwenye merikebu na nahodha wa haki, akasafiri hadi Sierra Leone. Na mwaka 1812, forodha ilipoizuia merikebu yake Traveller pamoja na shehena yake, alikwenda Washington akaonana na Rais Madison, akarudishiwa mali yake. Chini ya manahodha walikuwapo mabaharia. Sheria ya mwaka 1796 iliwapa mabaharia wa Marekani vyeti vya kuthibitisha uraia wao ili Waingereza wasiwakamate baharini kwa nguvu, na makarani wa forodha waliwaandikia vyeti hivyo hata weusi, wakieleza urefu wao, makovu yao na rangi ya ngozi zao. Wanahistoria hukadiria kuwa mwanzoni mwa karne ya 19 baharia mmoja katika kila watano wa Kimarekani, au karibu na hapo, alikuwa mweusi. Basi serikali ya shirikisho yenyewe ilikuwa ikiwatia watu weusi mikononi karatasi zenye kusema kuwa ni raia, miongo sita kabla ya Taney.

Mnajua aliyeitumia karatasi hiyo kwa namna iliyo kuu kuliko wote. Tarehe 3 Septemba 1838 kijana mtumwa wa Baltimore, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Frederick Douglass, alipanda treni akiwa amevaa shati jekundu na kofia ya baharia, na mfukoni ana cheti alichoazimwa na rafiki yake baharia. Sifa zilizoandikwa katika cheti hazikumfanana, kwani mwenye cheti alikuwa mweusi zaidi. Kondakta alipomwomba karatasi za uhuru wake, alijibu kuwa baharini hatembei nazo, ila anacho cheti chenye picha ya tai wa Marekani. Kondakta alimtupia jicho yule tai, hakusoma maneno, akachukua nauli, akapita. Siku ya pili yake Douglass alikuwa New York.

Na hapa ndugu zangu wa mwambao huu watanisamehe nikiweka nanga kidogo nyumbani. Sayyid Said alipofunga mkataba na Marekani mwezi Septemba mwaka 1833, aliwakubalia raia wa Marekani kufanya biashara katika bandari za milki yake, na balozi wao mdogo, Richard Waters wa Salem, alifika Unguja mwaka 1837. Mkataba ule ulimweka balozi kuwa mwamuzi wa magomvi ya raia wa Marekani baina yao. Maana yake ni kwamba, miaka 35 kabla Wamarekani hawajaandika katika Katiba yao raia wao ni nani, Sultani wa Maskati na Unguja alikuwa amekwisha kufungamana juu ya haki zao, na mtu aliyeshuka Forodhani kutoka katika merikebu ya Salem ilikuwa lazima ajulikane palepale kama ni raia wao au la.

Insafu yanitaka niyapime na yale yanayoipinga yakini yangu, nayo si madogo. Mwaka 1821 Mwanasheria Mkuu William Wirt aliulizwa swali lile lile la manahodha weusi, naye, akitazama sheria za Virginia, akajibu kuwa si raia. Mwaka 1822 South Carolina ilitunga sheria ya kuwatia jela mabaharia weusi huru kila chombo chao kitiapo nanga Charleston, wakae humo mpaka chombo kitakapong'oa nanga. Na karatasi yenye tai haikuwafungulia mlango. Utendaji, basi, wakata kuwili: kama makarani wengine wa forodha walivyoweza kumtambua raia, wale wa Charleston waliweza kumkana. Na baada ya 1868, pale sheria ilipokuwa imekwisha kuwa bayana, matendo ndiyo yaliyoivunja, kwa kodi za kura, mitihani ya hila na kamba za miti ya kusini, hata raia weusi wakasubiri hadi sheria ya haki ya kura ya mwaka 1965.

Wala si weusi peke yao. Mwaka 1875 Virginia Minor wa Missouri aliambiwa na Mahakama ya Juu kuwa yeye ni raia bila shaka, lakini uraia haumpi kura. Mwaka 1884 John Elk, mzaliwa wa nchi ile kuliko majaji wote tisa, aliambiwa kuwa mwenyeji wa asili aliyezaliwa katika kabila lake si raia hata akiliacha, na watu wake wakangoja hadi mwaka 1924. Sheria ya mwaka 1907 ilimvua uraia kila mwanamke wa Kimarekani aliyeolewa na mgeni, naye Ethel Mackenzie wa California, aliyeolewa na Mskoti na hakupata kuihama nchi yake, alishindwa kesi mwaka 1915. Bhagat Singh Thind, aliyevaa sare ya jeshi la Marekani, alinyimwa tajnisi mwaka 1923 kwa kuwa si mweupe kwa ufahamu wa mtu wa kawaida. Na mwaka 1942 watu wa nasaba ya Kijapani wapatao 120,000, theluthi mbili yao wakiwa raia wa kuzaliwa, walihamishiwa kambini nyuma ya seng'enge. Ukiyapanga haya yote huwezi kusema kuwa mduara wa uraia ulipanuka tu mwaka hata mwaka. Ulikuwa ukipanuka huku na kubanwa kule.

Nakiri uzito wa haya yote. Lakini hayamsaidii mwanazuoni wetu, kwa sababu katika kila kisa nilichokitaja dola ndiyo iliyonyima, na mtu ndiye aliyedai. Elk alikwenda mwenyewe kwa mwandikishaji wa Omaha. Bi Mackenzie alikwenda mwenyewe kujiandikisha San Francisco. Hata pale waliposhindwa, madai yao yalibaki katika kumbukumbu, na sheria zilizokuja baadaye, ya mwaka 1922 kwa wanawake walioolewa, ya 1924 kwa wenyeji wa asili, ya 1952 iliyofuta sharti la rangi katika tajnisi, ziliyakuta madai hayo yamekwisha kutangulia.

Mama yangu mkubwa, mzaliwa wa Mombasa, ameishi na wanawe katika jimbo la Ohio kwa miaka mingi, na alipoamua kuomba tajnisi umri wake na muda wa ukazi wake vilimruhusu kuulizwa maswali ya uraia kwa Kiswahili kupitia mkalimani. Usiku wa kuamkia mahojiano nilikuwa mgeni wake, nikamshikia karatasi ya maswali tukiwa mezani, naye amevaa miwani na kanga begani. Tulifika katika swali lililotaka kutajiwa wajibu mmoja ulio wa raia pekee, ambalo majibu yake yalikuwa kupiga kura katika uchaguzi wa taifa au kukaa katika baraza la kuamua kesi. Alilijibu barabara. Kisha akanyamaza, akaniuliza: “Na kodi, mwanangu? Miaka yote hii nimelipa kodi na sikuwa raia. Ile ilikuwa ya nini?” Nilimwambia, “Mama, swali hilo waliliuliza akina Paul Cuffe mwaka 1780.” Akasema basi yeye si wa mwisho.

Lililomtia wasiwasi zaidi lilikuwa kiapo, kwa kuwa maneno yake humtaka mwapaji kukana utii wote kwa dola nyingine. Alitaka kujua kama ataikana Mombasa. Nilimweleza kesi ya Beys Afroyim, mchoraji mzaliwa wa Poland aliyetajinisiwa Marekani, aliyepiga kura Israel mwaka 1951, na ambaye serikali ilitaka kumvua uraia kwa ajili ya kura hiyo. Mwaka 1967 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilisema kwa kalamu ya Jaji Hugo Black kuwa Bunge halina uwezo wa kumvua mtu uraia bila ya mwenyewe kuuacha kwa hiari. Tangu hapo maneno ya kiapo yamebaki yale yale, na Wamarekani wengi wana uraia wa nchi mbili bila kuguswa. Na Kenya nayo, kwa Katiba yake ya mwaka 2010, imewaruhusu watu wake kufanya hivyo. Mama mkubwa aliapa akiwa ameridhika. Nawaombeni muitazame hukumu ya Afroyim pamoja na kauli ya hidaya: kitu ambacho aliyetoa hawezi kukirudisha, na ambacho aliyenacho peke yake ndiye awezaye kukiacha, kwa sheria gani kitaitwa hidaya ya dola?

Rai ya mwanazuoni wetu haikubaki katika kumbi za vyuo. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kuwanyima uraia watoto watakaozaliwa Marekani na mama asiye na kibali, au aliye huko kwa muda tu, ikiwa baba naye si raia wala mkazi wa kudumu. Siku tatu baadaye hakimu wa shirikisho mjini Seattle, John Coughenour, aliyeteuliwa na Rais Reagan, aliisimamisha akisema inaivunja Katiba waziwazi. Julia Lynch, mtoto wa wazazi waliokuwa huko kwa muda tu, angepoteza uraia wake kwa amri hiyo, ilhali alikuwa nao mwaka 1844. Hukumu yangu, baada ya kuyapima yote, ni kwamba kauli ya hidaya haina nguzo katika sheria ya kale, wala katika mjadala wa 1866, wala katika forodha za Marekani.

Limebaki swali moja ambalo halijapata mtafiti wake, nami naliacha kwenu vijana. Mabaharia weusi wa merikebu za Salem na za wavua nyangumi waliotia nanga Unguja kuanzia miaka ya 1830 walikuwa na vyeti vyao vya uraia. Balozi wa Marekani aliwahesabuje walipougua, walipotoroka meli, walipogombana na nahodha, au walipotaka kubaki huku? Nyaraka za ubalozi ule zimehifadhiwa Marekani, barua za wafanyabiashara wa Salem nazo zipo, na Nyaraka za Taifa za Zanzibar ziko mwendo mfupi kutoka gatini. Naomba mmoja wenu aifanye kazi hiyo, aifanye kwa Kiswahili, na atakayekuwa tayari kuianza aje anione.